Milango Iliyohama

Asubuhi ile mjukuu wangu hakumaliza chai. Alinyanyuka, akakaa, akanyanyuka tena, akapekua mkoba aliokwisha kuupekua. Ilikuwa siku ya kwanza ya muhula, na ratiba ya vyumba vyote vya chuo ilikuwa kazi ya mikono yake.

"Kunywa, mke mwenzangu," nikamwambia. "Chuo hakikimbii."

"Bibi, leo nikikosea chumba hata kimoja, sina kazi."

Hakuwa akitania. Alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Mkuu wa taaluma, ambaye sote tunamwita Bwana Dakika kwa jinsi anavyoiangalia saa yake, alikuwa amemwambia kwamba saa sita mchana ataitia saini ratiba, au atatafuta mtu mwingine.

Mimi nafagia chuo hicho hicho, mwaka wa ishirini na moja sasa. Likizo nzima nilikuwa nyumbani nauguza goti, kwa hiyo nami nilikuwa narudi siku hiyo.

Saa mbili kamili korido ikafurika. Wanafunzi wa uuguzi, sitini na watatu, walipangiwa namba kumi na nne, chumba kikubwa. Walipofungua mlango wakakuta viti ishirini. Waliobaki nje wakawa wanaandikia migongoni mwa wenzao. Kule namba kumi na moja, wanafunzi kumi na wanane wa ushonaji walikuwa wametawanyika chumbani kama mbegu chache kwenye gunia.

"Hivi aliyepanga hapa anajua kuhesabu?" mmoja akauliza.

"Anajua, ila anaishia ishirini."

Wakacheka. Hawakujua kwamba aliyepanga amesimama pale pale, ratiba mkononi. Mwalimu wao wa uuguzi alimwona. Alimsogezea kiti chake, kisha akasimama mlangoni akafundisha kwa sauti ya kuwafikia wa ndani na wa nje.

Bwana Dakika akatokea. "Orodha inasema kumi na nne ina viti sabini. Vingine hamsini viko wapi?"

"Sijui, mkuu."

"Viti vina miguu minne, lakini havitembei. Saa sita, ofisini."

Mikono yangu ikakosa pa kukaa. Nikabeba benchi kutoka stoo, nikaliingiza kumi na nne wapate kukaa wawili watatu. Nilipolisogeza dirishani, nikaona kioo chenye ufa na utepe wa kahawia. Utepe ule niliubandika mimi mwaka jana, kwa kidole hiki. Na niliubandika namba kumi na moja.

Nikatoka, nikautazama mlango. Kumi na nne, rangi bado inanukia. Nikajaribu ufunguo wangu wa kumi na nne, ukazunguka bila taabu. Kitasa huenda na mlango wake: mlango wa kumi na nne ulikuwa umefungwa kwenye chumba cha kumi na moja.

Nikakokota goti mpaka karakana ya fundi seremala. Ndiye aliyeurefusha mpini wa ufagio wangu nisiwe nainama, wala sikumwomba. Nikasimama mlangoni.

"Mama, mbona umesimama kama mdai?"

"Mwanangu, ile milango ya korido uliirudisha vipi?"

"Niliishusha yote, nikaipaka rangi uani, nikairudisha. Ilikaa vizuri kabisa, hata randa sikutumia."

"Kumi na moja na kumi na nne pia?"

Akaweka msumeno chini. Fremu zote zina kipimo kimoja, mlango wowote huingia popote.

"Nani analaumiwa?" akauliza.

"Mjukuu wangu."

Akachukua bisibisi akatangulia. Tulifika ofisini saa sita kasoro dakika tano. Mjukuu wangu alikuwa amesimama mbele ya meza, macho chini.

"Mkuu," fundi akasema, "milango ya kumi na moja na kumi na nne niliibadilisha mimi bila kujua. Binti hana kosa."

Mjukuu wangu angeweza kunyamaza hapo. Hakunyamaza. "Kosa ninalo. Nilipanga kwa orodha tu. Sikwenda kuviona vyumba."

Bwana Dakika akaitazama saa yake, akaacha kuitazama. "Mimi napita korido ile kila siku," akasema taratibu. Kisha akamgeukia fundi. "Dakika ngapi?"

"Arobaini, nikipata wa kunishikia."

Bwana Dakika akavua koti, akaenda kushika mlango yeye mwenyewe. Wanafunzi wakasogeza madawati kumpisha. Mlango wa kumi na nne ulipolazwa juu ya madawati mawili kusubiri bawaba, Bwana Dakika aliomba ratiba, akaitandaza juu yake, akatia saini. Pole hakusema, si mtu wa hivyo. Lakini alimrudishia mjukuu wangu kalamu kwa mikono miwili.

Nilidhani sasa atatulia. Nikamletea chai jikoni kwa wafanyakazi. Akaigusa tu.

"Bibi, kuna milango mingine ishirini na miwili."

"Kesho, mwanangu."

"Na vipindi vya saa nane leo je?"

Nikachukua shada la funguo. Yeye alitangulia mbio mbio na orodha yake, akihesabu viti kwa midomo, na kwenye kila mlango alisimama kuningoja.