Mwanamke wa Kinyago

Kwenye ubao wa kuingilia mji wetu wa Tolliver, Nebraska, kulikuwa na majina mawili tu: Virgil Stroud, mrushaji mpira wa besiboli, na Lorena Pease, aliyeimba redioni. Tulidhani mastaa wetu ndio hao basi.

Siku moja akaingia mkahawani kwangu mgeni, mkusanyaji wa picha za wanamieleka. Akaweka mezani picha ya zamani ya mwanamke aliyevaa kinyago, amemkanyaga mwenzake kifuani.

"Huyu kwao ni hapa," akasema. "Uso wake hakuna aliyeuona. Mnamjua?"

Wazee wa kahawa wakacheka hadi wakapaliwa.

"Merle, mkeo huyo," Gus akamwambia mzee mwenzake. "Si ndiye aliyekutegua bega?"

"Nyamaza wewe! Nilianguka ngazini."

Mgeni akaenda zake, lakini mimi sikutulia. Kanisani badala ya kusali nikawa natazama shingo za akina mama. Nikisalimiana nao nawabana mikono, kuwapima. Mke wa mchungaji akaniuliza kama naumwa. Mwishowe nikaona heri niulize tu, nyumba kwa nyumba. Wengi walinicheka, mmoja alinifungia mlango.

Ardis Kolbe, mpiga kinanda wa kanisani, nilimkuta akipogoa mawaridi. Nusura nimpite, kwa jinsi alivyo mpole.

"Bi Ardis, samahani kwa swali la kipuuzi. Umewahi kupigana mieleka?"

Akaweka mkasi chini, akafungua kitambaa cha kichwani ambacho hakuwahi kukivua mbele yetu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjamana kama uyoga mkavu.

"Hili niliumizwa ulingoni, kule Omaha," akasema. "Aliyeniumiza alitolewa amebebwa."

"Mungu wangu! Mbona hukusema?"

"Mama alikuwa anaona haya. Alipofariki, nikangoja mtu aniulize. Hakuna aliyeuliza, mwanangu. Ningeanzaje? Katikati ya wimbo wa kanisa?"

Tukakaa kibarazani hadi kahawa ikapoa, mimi nauliza, yeye anajibu, mara anainuka kunionyesha mtu anavyokabwa. Shingo iliniuma wiki nzima.

Halmashauri ya mji ikakubali kumwongeza ubaoni. Walipomuuliza jina likae wapi, hakusita.

"Juu ya Virgil. Nilimbwaga tulipokuwa shule, na mwenyewe anajua."

Ikabidi Virgil apigiwe simu huko Arizona anakoishi. Tukamsikia anacheka.

"Mwandikeni juu," akasema. "Msije mkamkasirisha."