Jina Lisilosomwa

Kikaratasi chenye jina la binti yake kilirudishwa kikiwa bado na unyevu wa kiganja cha mama.

“Huyu hatuwezi kumsoma, mama,” alisema katibu wa kanisa, huku akipanga vikaratasi vya waombewa wengine: mwenye kisukari, anayesafiri, anayefanya mtihani. “Ametengwa. Mimba bila ndoa.”

“Anaumwa, mwanangu. Miguu imejaa maji, ukibonyeza kidole kinazama. Kaniambia, mama, waambie waniombee. Hataki kingine.”

“Utaratibu si unaujua? Mzazi asimame mbele, akiri.”

Aliujua. Mwaka wa kumi na moja huu anafua vitambaa vya meza ya Bwana, anavitia wanga, anavinyoosha mpaka mkunjo wa mwisho unasalimu amri. Kina mama aliwaona wengi wakisimama pale. Mwanamume, hakumwona hata mmoja.

Ibada ilipofika kwenye maombi, akasimama mbele. Kilemba kilimteleza, hakukirudisha.

“Binti yangu amezini.”

“Sauti, mama! Huku nyuma hatujasikia,” mtu akadakia. Benchi la wanakwaya likaguna kwa kicheko.

Akarudia. Mzee wa kanisa, yule ambaye binti alikuwa akimdekia nyumba na kumpigia pasi mpaka tumbo lilipoonekana, alishuka akamwekea mkono utosini.

“Ee Bwana mwingi wa rehema, msamehe mama huyu kwa malezi yake.”

Jina la binti halikutajwa. Amina ya kwanza kusikika ilikuwa ya mama mwenyewe.

Nyumbani, binti alijiinua kwa kiwiko.

“Waliniombea?”

“Walikuombea.”

“Kwa jina?”

“Kwa jina.” Uongo ulimtoka laini, kama mate.

“Nani aliomba?”

“Mzee wa kanisa mwenyewe. Kaniwekea na mkono, hapa.”

“Wewe ulisema nini?”

“Nilisema... umezini.”

“Mbele yake?”

“Mbele yake.”

“Naye?”

“Aliomba, mwanangu.”

Binti alichovya kitambaa kwenye bakuli la maji lililokuwa kando ya mkeka. Akamvuta mama yake kwa ukosi wa gauni, akaanza kumsugua utosi, pale pale, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Alisugua, akapumzika, akasugua tena. Maji yalimchuruzika mama machoni. Sasa mama alijua mimba ni ya nani. Aliinamisha kichwa, asithubutu kuinua uso, akangoja aambiwe kuwa pametakata.