Simu ya Ijumaa kutoka Madina

Kila Ijumaa baada ya alasiri kaka yangu Habibu alipiga simu kutoka Madina, na majirani zetu wa Lionja wakaja barazani kumsikiliza. Mama aliweka simu ndani ya bakuli la bati ili sauti itoke kubwa. Shangazi Hajra alikaa karibu na bakuli kuliko wote. Mimi nilikaa mlangoni na ndoo yangu, nikinyofoa korosho kwenye mabibo.

Habari zake tulizipenda. Tulimjua Msenegali wanayelala naye chumba kimoja, anayekoroma mpaka wenzake wanamtupia kiatu. Tulijua kwamba wanakula sinia moja watu wanne, na kwamba mmoja wao, Mwindonesia, ni mfupi lakini mkono wake unaijua nyama. Alfajiri wanapanda basi la chuo kwenda Msikiti wa Mtume, wakirudi ni darasa hadi adhuhuri. Nguo wanazitia kwenye mashine.

"Mashine ikifua, wewe unafanya nini?" aliuliza Shangazi Hajra.

"Nasoma, shangazi."

"Huku mashine yako ilikuwa Raudha!"

Watu wakacheka. Hata mimi, Raudha mwenyewe, nilicheka, maana ni kweli. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tano. Nikatolewa shule nikashika shamba, Habibu akaendelea kusoma. Tangu aende huko, mama anaitwa Mama Madina. Akifika sokoni Nachingwea hata wasiomjua wanampa kiti.

Wakati wa kupulizia mikorosho alikuja Nuhu, kijana wa Malolo, kutupulizia dawa. Tulizungumza. Yaani yeye alizungumza, mimi nilichekea ndani ya kanga. Lakini siku ya mwisho nilimwambia, "Leta wazee wako," na akawaleta.

Baba akiwa hayupo, mwenye haki ya kuniozesha ni Habibu. Mama akawaambia wazee wa Malolo wasubiri neno kutoka Madina. Ijumaa hiyo Habibu alisema ataangalia. Ijumaa nyingine alisema ana mitihani. Kisha ikaja ile Ijumaa.

"Mama, Sheikh Masoudi wa Ruangwa amenipigia. Anamtaka Raudha."

Sheikh Masoudi ndiye aliyemtafutia Habibu nafasi ya chuo. Ana wake wawili, na binti yake wa kwanza amenizidi umri.

"Na yule wa Malolo?" mama akauliza.

"Mpuliza dawa! Mama, nimjibu nini sheikh? Kwamba amenileta Madina, mimi nimemnyima dada kwa ajili ya mpuliza dawa? Na amesema mwaka huu atakuingiza kwenye safari ya hija. Nitakupokea mwenyewe, nikushike mkono."

Mzee mmoja akasema, "Allahu akbar." Mama alilitazama bakuli kana kwamba mwanawe yumo ndani.

"Lakini simlazimishi," Habibu akaendelea. "Jambo hili tumelisoma juzi. Bikira anaulizwa. Akinyamaza ameridhika, ni haya ndiyo inayomzuia kusema. Akisema hapana, basi ni hapana, hakuna ndoa, na sheikh hawezi kunilaumu. Sogezeni simu kwa Raudha."

Wote wakanigeukia. Mimi si msemaji. Shuleni hata jina langu nililitaja mwalimu akiwa ameniinamia.

"Mnapoteza vocha ya mtoto wa watu," akasema Shangazi Hajra. "Huyu hata kuku hawezi kumwambia 'shii'!"

Wakacheka tena.

"Raudha, dada yangu," ikasema simu. "Umeridhika?"

Mikono yangu ilinata maji ya mabibo, nikaifuta kwenye kanga. Nikafikiri, hawa watacheka, kisha watakwenda makwao, na mimi nitakwenda Ruangwa.

"Sitaki, kaka," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotegemea. Nikarudia, "Sitaki."

Kicheko kikakatika. Bakuli likakwaruza.

"Haloo? Haloo? Mtandao ulikata. Amesema nini?"

Shangazi Hajra akamtazama mama. Nami nikamtazama mama, wala sikuwa na hofu, kwa sababu alikuwa amekaa karibu yangu kabisa na amenisikia mara mbili. Akaitoa simu kwenye bakuli, akaiweka sikioni, akanipa mgongo.

"Kanyamaza, mwanangu."

"Alhamdulillahi!" Hata nje ya bakuli tulimsikia. "Nilijua. Dada yangu ana haya. Mwambie baba mdogo Bashiri anisimamie, ndoa ifungwe Ijumaa ijayo huko huko Ruangwa. Haya mama, niombee dua, naenda kununua tende na wenzangu."

Shangazi Hajra akapiga kigelegele. Kila aliyekuwa barazani alikuwa amenisikia, na kila mmoja alimpa mama mkono wa heri. Wanawake wakaingia ndani kumsaidia kupika chai, wakinipita pale mlangoni.

"Hongera, mke wa sheikh," akasema jirani yetu Ashura, akanigusa bega.

"Sitaki," nikamwambia.

"Haya, haya," akasema. "Inuka kwanza, unatuzibia njia."