Sili Iliyokatwa

Mvua ilinguruma upande wa Moi's Bridge, na Waithira hakutulia dukani. Mbegu za mahindi zisipouzwa kabla ya msimu kupita, zitamdodea. Alikuwa ameufungua mfuko wa kwanza ili wateja wajionee punje.

“Ni zile zile za kampuni, Mzee,” alimwambia Bethwel, mkulima aliyekuja kununua.

“Na sili ya kufungia mfuko?”

“Nimeikata mwenyewe asubuhi.”

“Wewe nakujua, Mama. Aliyeingia hapa ukienda chai ndiye simjui.”

Bethwel akavuka barabara kununua mfuko uliofungwa.

Waithira akachukua sindano na uzi, akaanza kuushona wake. Katikati akaacha. Mshono wake, hata ungenyooka vipi, ungethibitisha jambo moja tu: mfuko ulifunguliwa.