Joto la Joan

Mvua ya Mei ilikuwa inagonga mabati ya mtaa wa Gatwekera wakati Nabwire alipomkuta binti yake Joan amekaa kwa stuli, yunifomu mbichi ya mtoto wa jirani imetandazwa mgongoni mwake, inatoa mvuke. Ilikauka kabla chai haijachemka.

Habari ikaenea. Msimu wa mvua nguo hazikauki kwa ploti, basi akina mama wakapanga laini mlangoni kwa Nabwire na soksi, nepi, mashuka. Joan alikuwa amenona, mashavu yanang'aa. Mtu mnene mwenye joto ni mtu mwenye afya, hivyo ndivyo kila mtu alivyojua.

"Mama Joan, wewe ulizaa pasi!" jirani yao Mama Trizah alicheka, akimtupia Joan sweta begani.

"Pasi huzimwa," Nabwire alijibu.

Joan alikuwa anamaliza mtungi wa maji na bado kiu haiishi. Magoti yakimuuma, anatuma mtu kwa kiosk ya Morris, analetewa vidonge vya maumivu vimefungwa kwa gazeti, kazi inaendelea.

Nabwire alimvuta hadi kliniki. Nesi Ndeti alimdunga kidole. Tone la damu likatoboa pamba, likatoboa meza. Ndeti akaweka sahani ya chuma hapo chini, akaendelea kupima damu na mkojo.

"Kipimo cha CRP kwa damu kiko juu sana. Mwili unawaka ndani."

"Unawakia wapi, sister?"

"Hiyo haisemi. Ni kama mtu anapiga nduru ameona moshi, ni nyinyi mtafute moto. Tukitafuta, mara nyingi tunapata sukari, presha, ama figo zinaumia. Huyu sukari iko juu, na mkojo una protini. Joan, vidonge vya Morris wachana navyo leo, vinaumiza figo. Nenda hospitali kubwa upimwe figo."

"Nitaenda shule zikifungwa," Joan alisema. "Saa hii watoto wataenda na nguo mbichi."

Shule zilipofungwa, miguu yake ilikuwa imefura hata patipati hazimwingii, na mkojo umekuwa wa kutafuta. Hospitali ilisema figo zimekwisha. Walipomuunganisha na mashine ya kusafisha damu, mashine ikapata moto, wakafungua madirisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili akavua sweta, akashukuru.

Joan alizikwa kwao Busia akiwa bado vuguvugu.

Nabwire aliporudi ploti, alimpata Trizah amekaa mlangoni kwao, shuka mbichi mabegani, mvuke ukipanda.

"Mama Trizah, mpeleke huyu apimwe. Sukari, na figo. Leo."

"Pole na msiba, Mama Joan, lakini usituletee mkosi. Huyu hata kukohoa hajakohoa. Mwangalie alivyonona."

Trizah alisugua goti. Mamake akatuma mtu kwa Morris.

Nabwire alibaki amesimama hapo. Nyuma yake mwanamke mwenye beseni la nguo alimgusa mkono, polepole, kwa heshima.

"Uko kwa laini, mama, ama nipite?"

Nabwire akasonga kando.