Kępa Yafika Mapema

Tela lilikuwa limeshavuka daraja, kijiji kizima tumebanana juu yake, na maji ya mto Sarna yametanda kwenye malisho kulia na kushoto. Theluji ilikuwa imeyeyuka wiki ile. Zdzisław, aliyeendesha trekta, akageuka.

"Mama Genia, tunakimbilia nini? Mkutano wa kwanza haendi mtu. Hata mbwa wa Zawodzie wanajua."

"Ndiyo maana tunakwenda," akajibu Genowefa Bartnik, soltysi wetu, yaani mkuu wa kijiji. "Tazama mbele, usije ukatuogesha."

Ulikuwa mwaka tuliorudishiwa wilaya yetu baada ya kufutwa miaka mingi. Tulishangilia, mpaka kata nayo ikaanza kupanga upya vijiji vyake. Kępa, ile nundu ya mchanga kati ya mto na msitu wa misonobari, ilitakiwa imezwe na Zawodzie, kijiji jirani. Tungebaki na nyumba zetu, lakini bila soltysi, bila mkutano wetu, bila fungu la barabara. Vijiji vyote viwili vilikuwa vipige kura pamoja siku ile, na Zawodzie wanatuzidi mara tatu.

Kwetu mkutano huitishwa mara mbili siku hiyohiyo. Wa kwanza unataka walau mtu mmoja katika kila wapiga kura watano. Wasipotimia, husubiriwa robo saa, kisha waliopo, hata wawe watatu, huamua. Basi nani ahangaike na wa kwanza?

Penye bonde trekta likanasa. Genia akavua viatu vyake vya kanisani, akaruka majini.

"Shukeni! Mnangoja padri aje awabebe?"

"Mama, maji ni barafu haya!"

"Sukuma, Zdzisław, utapata joto."

Tukasukuma, wazee kwa wajukuu. Nimetembea nchi nyingi, nimepakua meli na kuvuna mashamba ya watu, lakini sijaona watu wakisukuma kama wale. Watu wangu.

Tukaingia ukumbi wa zimamoto wa Zawodzie tukichuruzika maji. Bwana Kuźma, mkuu wa kata, alikuwa na karani wake tu, anakula keki ya mbegu za popi. Akatazama saa, akatutazama sisi.

"Mmekuja mkutano wa kwanza?"

"Tuhesabu, bwana mkuu," akasema Genia.

Akatuhesabu. Tulitimia, tukazidi. Kuźma, mtu wa haki, akaweka keki chini, akafungua mkutano. Mikono yote ikapanda kukataa.

Ndipo Ludwik Sroka, soltysi wa Zawodzie, akaingia na umati wake, supu ya kuku ya Jumapili ingali kwenye masharubu.

"Haya, tuanze?"

"Tumemaliza, Ludwik," akasema Genia. "Rudi, supu inapoa."

"Huu ni wizi!"

"Wizi gani, jirani? Ukumbi uko mlangoni pako. Sisi tumekuja kwa kuogelea."

Hata watu wake wakacheka.

Baraza la kata likaifuata kura. Kuźma hakuchaguliwa tena, akaenda kufuga nyuki. Sroka alimsalimia Genia baada ya mwaka, kwenye sherehe ya mavuno. Zdzisław aliuza trekta, akahamia kwa binti yake mjini. Genia aliongoza mpaka magoti yakakataa. Sasa soltysi ni mkwewe, mke wa mwanawe. Mimi nilisafiri tena mara mbili, nikarudi. Kępa ipo.