Msaada wa Danadana

Kikao kilikuwa na ajenda moja tu: kumfukuza mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa ustawi wa jamii. Tangu muhula uanze hakuwa amekanyaga kituo chake cha mafunzo kwa vitendo. Mwenyewe alikuwa nje kwenye benchi, anasubiri kuambiwa arudi nyumbani, na nyumbani kwenyewe hana.

Mwalimu mmoja, ambaye wanafunzi walimbatiza Pilipili, alikuwa mgeni chuoni na mwepesi wa hasira. Ndiye aliyeuliza kwa nini binti afukuzwe kabla ya kusaidiwa.

"Lakini amesaidiwa," mwenyekiti alisema. "Mwalimu mlezi wake alimpa rufaa ya kwenda kumwona mshauri."

"Nami nikampa rufaa kwa mratibu wa vituo," mshauri akadakia.

"Mimi nikamrudisha kwa mlezi," mratibu akamalizia, tena kwa fahari.

Damu ilimchemka Pilipili. Watu wazima, shahada hadi masikioni, wanampiga mtoto wa watu danadana halafu wanaita msaada! Na darasani ni hawa hawa wanaohubiri kumsikiliza mteja mpaka mwisho.

"Alisema tatizo lake ni nini?"

Mlezi alimtazama mshauri. Mshauri akamtazama mratibu. Mratibu akainama kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Pilipili alifungua mlango kwa kishindo. "Mwanangu, ingia. Kwa nini hukwenda kituoni?"

Binti alisimama, mkoba kaukumbatia kifuani. "Ofisi ile ya ustawi ndiyo iliyotuchukua kwa mama, mimi na mdogo wangu. Mwenzangu akapelekwa kwingine, mpaka leo sijui yuko wapi. Afisa aliyetutenganisha ndiye mliyenipangia anisimamie. Kila mmoja wenu nilianza kumwambia. Mkanituma chumba cha pili."

"Pole sana," mwenyekiti alisema, huku akikusanya makaratasi. "Hebu tupishe kidogo, binti, tupige kura."

"Hapishi mtu!" Pilipili aligonga meza, chai ya mratibu ikamwagika na hakuna aliyethubutu kuipangusa. "Kituo kingine nitamtafutia mimi, leo hii. Anayetaka afukuzwe, ainue mkono huku anamtazama usoni."

Binti aliwaangalia mmoja mmoja, bila kulia. Mwenyekiti aliinua mkono nusu, akakutana na macho yale, akaishia kujikuna kisogo.